Kiraka cha feni: juu ya nini kazi ndogo inapita mikono mingi



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za michezo, za masomo na za usafi wa shule. Safari hii naomba nafasi nieleze kazi moja ambayo wengi wetu hatuioni, lakini inatugusa kila tunapofungua ordinatere, yaani kompyuta. Ni kazi ya kukagua na kupokea kiraka cha feni ndani ya Linux. Msikimbie ukurasa juu ya maneno haya. Nitakwenda polepole, hatua kwa hatua, na mwisho mtaona kwamba jambo lenyewe linatuhusu hata sisi wa Kasenga.

1. Feni inafanya kazi gani?

Kompyuta ya kubeba, ile tunayoifunga kama kitabu, ina kipande kidogo kinachofanya hesabu zote. Kinaitwa prosesa. Kikifanya kazi nyingi kinapata moto, sawasawa na mota ya lori ya samaki inayokwenda Lubumbashi na mzigo mzito. Lori ina radiyatere. Kompyuta nayo ina bomba nyembamba la shaba linalochukua moto kwenye prosesa na kuupeleka pembeni, na pale pembeni kuna feni, ile tunayoita ventilatere, inayopuliza moto nje. Juu ya nini shaba? Kwa sababu shaba inapitisha moto upesi kuliko chuma, na upesi kuliko alumini. Sisi watoto wa Katanga tunaijua shaba ya migodini. Kumbe iko pia chini ya vidole vyetu tunapoandika.

Prosesa nyingi za kompyuta za kubeba zimewekewa mpaka wa karibu digri 100. Zikifika hapo zinapunguza mwendo zenyewe. Moto ukizidi bado, mashini inajizima ghafula ili isiungue. Ndiyo maana katika mwezi wa kumi, kabla ya mvua, wakati joto ni kali na vumbi limejaa kila mahali, mashini inakuwa nzito kama imechoka, na mara inazima. Mwenye kuandika kazi yake asiyeihifadhi, kazi imekwenda.

Kwa hiyo feni isipozunguka ni hasara. Lakini ikizunguka kwa nguvu zote mchana kutwa, hiyo nayo ni hasara: inakula betri, inavuta vumbi ndani, inapiga kelele, na mwisho inachoka mapema. Hapa kwetu, ambapo umeme unaweza kukatika wakati wowote, betri si kitu cha kuchezea. Lazima awepo mtu, au kitu, cha kuiambia feni: sasa zunguka polepole, sasa zunguka kwa nguvu, sasa pumzika.

2. Ni nani anayeiamuru feni?

Wakubwa wa feni ni wawili. Wa kwanza ni programu ya ndani ambayo kiwanda kimeiweka katika mashini tangu ilipotengenezwa. Inaitwa BIOS. Wa pili ni kerneli, yaani kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta nzima. Mnaweza kuifikiri kerneli kama kapita wa darasa. Mwanafunzi hachukui chaki mwenyewe kabatini, anamwomba kapita. Vilevile programu ya kuandika, au ya muziki, haigusi mashini moja kwa moja, inaiomba kerneli.

Kerneli ya Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, nchi ya Ufini. Alikuwa na miaka 21, yaani anatuzidi miaka kidogo tu sisi wa mwaka wa sita. Aliiacha wazi: mtu yeyote anaweza kuisoma, kuibadilisha na kuwagawia wengine. Leo ina zaidi ya mistari milioni 30, na imo ndani ya kila telefone ya Android. Basi hata yule anayesema "Mimi sijui Linux" pengine anaibeba mfukoni.

Ndani ya kerneli kuna sehemu ndogo ndogo, kila moja inajua lugha ya kifaa kimoja. Sehemu ya namna hiyo inaitwa kiendeshi. Kiko kiendeshi cha kibodi, kiko cha skrini, kiko cha feni. Kiendeshi cha feni kinasema kwa hesabu. Joto kinaliandika kwa sehemu za elfu za digri, hivyo 65000 maana yake ni digri 65. Mwendo wa feni kinauandika kwa mizunguko ya dakika moja, tuseme 3000. Nguvu ya feni kinaipima kutoka 0 mpaka 255: sufuri ni kusimama, 255 ni nguvu zote. Tena iko namba inayosema nani anaongoza: 1 maana yake mtumiaji anaongoza kwa mkono, 2 maana yake feni inajiongoza kwa kufuata joto.

Sasa fikirini. Mtu akikosea namba moja tu, akaandika 0 mahali pa 255, feni inasimama wakati moto unapanda. Hilo ni kosa la tarakimu chache, lakini linaweza kuingia katika mashini za watu wasiohesabika.

3. Kiraka ni nini?

Suruali ikitoboka gotini, mama hatupi suruali nzima. Anakata kitambaa kidogo na kushona pale penye tundu. Katika Linux ni hivyo hivyo. Anayetaka kusahihisha kiendeshi haandiki kerneli upya. Anaandika karatasi fupi inayosema: ondoeni mstari huu, tieni mstari huu. Mistari ya kuondoa ina alama ya kutoa mbele yake, ile ya kuongeza ina alama ya kujumlisha. Karatasi hiyo ndiyo kiraka. Viraka vingine vina mistari miwili tu.

Juu ya mistari hiyo mwandishi anatia maelezo: tatizo ni gani, linatokea kwenye mashini gani, na dawa yake ni nini. Mwisho anatia sahihi yake. Desturi ya sahihi ilianza mwaka 2004. Kwa sahihi hiyo mtu anashuhudia kwamba kazi ni yake, au kwamba ana ruhusa ya kuitoa. Asiyetia sahihi, kiraka chake hakipokelewi, hata kiwe kizuri namna gani.

4. Mfano wa kweli

Mwaka 2001 Massimo Dal Zotto alitengeneza kiendeshi cha kusoma joto na feni katika kompyuta za Dell. Kiliitwa i8k, kwa sababu kilianza na mashini ya Inspiron 8000. Mwaka 2015 kilihamishwa pamoja na viendeshi vingine vya kupima joto, kikapewa jina jipya, dell-smm-hwmon.

Kiendeshi hiki hakisemi na feni yenyewe. Kinauliza BIOS: "Feni inazunguka namna gani?" Hapo ndipo penye hatari. BIOS ikiitwa kwa njia hii, inaichukua prosesa yote mkononi mwake. Mpaka imalize kujibu, hakuna programu nyingine inayosogea. Kwa mashini nyingi jibu linakuja upesi na mtu haoni kitu. Lakini iligunduliwa kwamba katika mifano fulani, kama Inspiron 7720, Vostro 3360 na XPS 13 9333, kila swali juu ya feni lilisimamisha mashini yote kwa karibu nusu ya sekunde. Nusu ya sekunde mtaiona ni kidogo. Lakini programu ya kupima ikiuliza kila mara, muziki unakatika na mshale wa skrini unasimama na kuruka. Katika mashini nyingine za Dell, kuuliza tu aina ya feni kulifanya feni ipande na kushuka ovyo bila sababu.

Kosa lilikuwa la BIOS, si la kiendeshi. Lakini mwenye mashini hajali kosa ni la nani. Yeye anaona kompyuta imesimama. Basi watunzaji wa kiendeshi walitia orodha ndani yake: kwenye mashini hizi, usiulize habari za feni. Na mwaka 2019, kiendeshi kilipoongezewa uwezo wa kuiambia BIOS iache kuongoza feni peke yake, uwezo huo ulifunguliwa kwa mashini zilizoandikwa katika orodha tu, kwa kuwa amri iliyo njema kwa mfano mmoja inaweza kuwa mbaya kwa mfano mwingine.

Angalieni vizuri: wale walioandika kiendeshi hawakuweza kuyajua haya peke yao. Hakuna mtu mwenye aina zote za Dell mezani pake. Waliyajua kwa sababu wenye mashini walipima, wakaandika, wakatuma.

5. Mkaguzi anauliza nini?

Kiraka kikifika, hakipokelewi palepale. Kinatumwa kwa barua-pepe kwa watunzaji wa sehemu ile, mbele ya macho ya watu wote. Katika sehemu ya vipima joto na feni, mtunzaji anayejulikana kwa miaka mingi ni Guenter Roeck. Mtunzaji na wakaguzi wengine wanasoma mstari kwa mstari, na wanauliza. Maswali yao kwa kiraka cha feni ni kama haya:

Kwanza, kipimo ni sawa? Umeandika digri mahali panapotakiwa sehemu za elfu za digri?

Pili, mtumiaji akiandika 300 wakati mwisho ni 255, nini kitatokea?

Tatu, BIOS ikikosa kujibu, utasema nini? Hapa wengi wanaanguka. Jibu likikosekana, ni vibaya kuandika 0, kwa sababu 0 maana yake feni imesimama. Lazima kusema wazi kwamba kusoma kumeshindikana. "Sijui" na "sufuri" si neno moja, hata katika hesabu zetu za darasani.

Nne, programu mbili zikiamuru feni kwa wakati mmoja, moja ikisema polepole na moja ikisema upesi, nani anasikilizwa kwanza?

Tano, mashini ikilala na kuamka, feni inabaki chini ya nani? Mtumiaji anaweza kufikiri bado anaiongoza kwa mkono, kumbe BIOS imekwisha kuichukua. Au kinyume chake, kila mmoja anamngojea mwenzake, na feni haina mkubwa.

Sita, kiendeshi kikiondolewa, je, kinairudisha feni katika hali ya kujiongoza, au kinaiacha imesimama?

Viko viendeshi vilivyojiwekea ulinzi mzuri. Kile cha kompyuta za ThinkPad hakikubali mtumiaji aongoze feni mpaka yeye mwenyewe aruhusu hivyo kwa kusudi. Tena kina saa ya mlinzi, inayoweza kuwekwa kati ya sekunde 1 na 120. Programu inayoongoza feni ikinyamaza kupita muda huo, kiendeshi kinaiwasha feni chenyewe. Ni kama mlinzi wa usiku: asiposikia sauti ya mwenzake kwa muda waliopatana, anakwenda kuangalia.

Mkaguzi asiporidhika anarudisha kiraka pamoja na maneno yake. Mwandishi anatengeneza, anatuma mara ya pili, ya tatu, hata ya saba. Wengine wanaona haya, wengine wanakasirika. Lakini maswali ni juu ya kazi, si juu ya mtu. Hata watunzaji wakubwa viraka vyao vinarudishwa.

6. Safari ya kiraka baada ya kukubaliwa

Mkaguzi akiridhika, anaongeza mstari chini ya sahihi ya mwandishi: Kimekaguliwa na fulani. Aliyekijaribu kwenye mashini yake anaongeza: Kimejaribiwa na fulani. Majina haya yanabaki katika historia ya kerneli. Historia hiyo inatunzwa kwa programu ya Git, ambayo Torvalds huyo huyo aliianza mwezi wa nne mwaka 2005.

Kiisha mtunzaji anakiweka kiraka katika tawi lake. Kutoka hapo kinachanganywa na viraka vya matawi mengine, kusudi ionekane kama havigombani. Mashini za kupima nazo zinajaribu kuijenga kerneli pamoja na kiraka hicho kwa namna nyingi, na kosa likionekana zinaandika barua zenyewe.

Halafu mlango unafunguliwa. Kila baada ya wiki tisa au kumi hivi, Torvalds anafungua majuma mawili ya kupokea kazi za watunzaji. Yakiisha, mlango unafungwa. Majuma saba au manane yanayofuata ni ya kusahihisha makosa tu, hakuna tena kuleta mambo mapya. Kwisha kwake, kerneli mpya inatolewa, na ndani yake mna mabadiliko zaidi ya 10,000 ya watu wengi. Kiraka chetu cha feni ni kimoja tu kati ya hayo.

Iko sheria moja inayotawala yote: kilichokuwa kinafanya kazi kwa mtumiaji kisivunjwe. Kerneli mpya ikisimamisha feni iliyokuwa ikizunguka vizuri katika kerneli ya zamani, hakuna kumwambia mwenye mashini "nunua nyingine." Kiraka kinasahihishwa, au kinaondolewa.

7. Juu ya nini polepole hivi?

Labda mmoja wenu ataniuliza: "Kapita, mistari miwili tu, na watu wanahangaika majuma na miezi. Si kupoteza wakati?"

Ninajibu hivi. Mwandishi ameona mashini moja tu, ile yake. Yuko pengine katika chumba chenye baridi, na umeme usiokatika. Kiraka kikipita, kinakwenda kwa watu ambao hatawaona hata siku moja. Kinafika katika nyumba ambako kompyuta ni moja, ya mkono wa pili, imenunuliwa kwa falanga za jamaa nzima. Mashini hiyo ikiungua, hakuna fundi wa kiwanda atakayekuja. Maswali yale sita ya mkaguzi ndiyo yanayosimama kati ya kosa la mtu wa mbali na mashini ile.

Na ukaguzi wenyewe si kitu cha kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa. Katika mwezi wa nne mwaka 2021 ilizuka fitina kubwa, kwa sababu watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walikuwa wametuma viraka vyenye makosa kwa kusudi, wapate kuona kama wakaguzi watayagundua. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji wakubwa, alikataa kupokea tena kazi kutoka chuo kile, na viraka vingi vya zamani vilivyotoka huko vikarudiwa kukaguliwa. Watafiti waliomba radhi. Tunajifunza kwamba kanuni peke yake haitoshi. Sahihi ya mtu ina uzito tu kama mtu mwenyewe ni mwaminifu.

8. Na sisi je?

Msifikiri kwamba mambo haya ni ya Bulaya tu. Katika Afrika ya Mashariki viko viraka vya kerneli vilivyoandikwa na vijana wa Kenya. Na mwaka 2004, huko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa programu za ofisi katika Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice. Hapakuwa na mtu wa kuwauliza walizaliwa wapi. Kazi ilitazamwa kama kazi.

Si lazima uanze kwa kuandika kiraka. Kumbukeni ile orodha ya Dell: ilijengwa na ushuhuda wa wenye mashini. Mashini nyingi zinazofika kwetu ni za miaka ya nyuma, ambazo waandishi wa viendeshi hawanazo tena. Kwa hiyo aliye na mashini ya zamani hapa Kasenga, penye joto na vumbi, anaweza kuwa shahidi anayetafutwa. Feni ikifanya mambo ya ajabu, asiseme tu "hii mashini iko mbaya." Aandike hivi: jina kamili la mfano wa mashini, namba ya kerneli, joto lilikuwa digri ngapi, feni ilizunguka mara ngapi kwa dakika, alifanya nini kabla ya tatizo, na kama kerneli ya zamani ilikuwa na tatizo lilelile. Kabla ya hayo yote, apulize vumbi kwenye tundu za feni, maana kiraka hakiondoi vumbi.

Tena asiandike kamwe "nimejaribu" kama hakujaribu. Neno hilo likiingia chini ya kiraka, mtunzaji wa mbali analiamini, na watu wengine wanaweka mashini zao juu yake. Hapa shuleni mtu anaweza kutia sahihi kwenye daftari la salongo bila kushika jembe, na hasara ni majani kubaki uwanjani. Huku hasara inamwangukia mtu asiyekujua, ambaye hawezi hata kuja kukuuliza.

Wadogo wa mwaka wa kwanza na wa pili, maswali yenu nileteeni baada ya masomo. Nikishindwa tutamwendea mwalimu wa fizikia pamoja. Nanyi wenzangu wa mwaka wa sita, Egzetati inakaribia. Kabla ya kutoa karatasi yenu, isomeni kwa macho ya mkaguzi: kipimo ni sawa? Jibu liko ndani ya mipaka? Na pale usipojua, usiandike sufuri kana kwamba umepima.

Ni mimi, kapita wa wanafunzi,
mwaka wa sita.